Jessie Fauset: mkunga aliyekuwa na watoto wake

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo. Nafundisha fasihi kidato cha tano. Wanafunzi wangu wamelipenda sana lile shairi la Langston Hughes la mito (The Negro Speaks of Rivers), sasa katika kutafuta habari zake nikakuta Hughes mwenyewe aliandika kwamba kulikuwa na watu watatu waliokuwa wakunga wa fasihi mpya ya weusi wa Marekani, na mmoja wao ni mwanamke, Jessie Fauset. Wale wanaume wawili habari zao nimezipata, huyu mama sijapata kitu cha maana. Alikuwa nani, alifanya nini hasa, na kwa nini kasahaulika?"

Marahaba mwalimu, na asante sana, maana hili swali nimelisubiri miaka mingi. Huyu mama mimi nampenda, nakwambia mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu mwenye upande wake, nimefanya kazi ya uhariri muda mrefu na sijaona mtu aliyeifanya kwa moyo kama yeye alafu akalipwa kidogo kama yeye. Kwahiyo vumilia, jibu ni refu.

Tuanze na hilo neno mkunga, maana hapo ndo kuna tatizo lenyewe. Hughes aliliandika kwenye kitabu cha maisha yake cha 1940, The Big Sea, akawataja Jessie Fauset wa jarida la The Crisis, Charles S. Johnson wa jarida la Opportunity, na Alain Locke, profesa wa falsafa aliyekuwa Washington. Alikuwa anasifia, tena kwa dhati. Ila neno likamganda yule mama, wanaume wale wawili wakakumbukwa kwa mengine pia, yeye akabaki mkunga tu, mtu wa kusimama pembeni ya kitanda na maji ya moto wakati wenzake wanazaa. Wakati mkunga huyu alikuwa na watoto wake mwenyewe, riwaya 4, amezileta duniani kati ya 1924 na 1933, na hakuna riwaya nyingi za kipindi kile zenye akili kama ile ya pili. Nitaifikia.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1882 New Jersey, baba yake mchungaji wa AME, kanisa la Kimethodisti la watu weusi, familia ya watu weusi walioheshimika mtaani lakini pesa hakuna. Mama akafariki Jessie akiwa bado mdogo, baba akaoa mjane aliyekuja na watoto wake watatu, wakazaa wengine tena, nyumba ikajaa. Wakalelewa Philadelphia. Jessie alisoma sekondari ya wasichana ya pale Philadelphia, akafanya vizuri sana, na mtoto anayefanya vizuri pale kawaida alielekea chuo cha Bryn Mawr kilichokuwa jirani, sasa Bryn Mawr hawakutaka mwanafunzi mweusi, badala ya kumpokea wakamsaidia kupata ufadhili aende Cornell, mbali huko jimbo la New York. Yaani walikuwa tayari kutoa pesa asome, mradi asisomee kwao. Akaenda, akamaliza 1905 na kuingizwa Phi Beta Kappa, kile chama cha wanafunzi waliofaulu juu kabisa, mmoja wa wanawake weusi wa mwanzo kabisa kufika hapo.

Akarudi Philadelphia kuomba kazi ya ualimu kwenye shule zilezile za mji uliomlea, wakamkatalia kwa sababu ya rangi. Akafundisha mwaka mmoja Baltimore, alafu Washington kwenye sekondari ya M Street, ambayo baadae ikaitwa Dunbar, shule ya weusi yenye walimu waliosoma kuliko walimu wa vyuo vingi, maana huko kwingine hawakuruhusiwa kuajiriwa. Miaka kama 13 hivi anafundisha Kifaransa na Kilatini. Wewe ni mwalimu unajua miaka 13 ya kusahihisha madaftari inafanya nini kwenye jicho la mtu, sentensi mbovu unaiona kabla hujaisoma. Mimi naamini uhariri wake ulianzia kwenye yale madaftari.

Wakati huo msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa ameanzisha The Crisis, jarida la NAACP, lile shirika la kutetea haki za watu weusi. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1910, nakala 1,000. Kufikia 1919 zilikuwa zinachapwa kama nakala 100,000 kwa mwezi, na hiyo ni idadi kubwa mno, jarida lilikuwa linafika kwa wahudumu wa treni, wachungaji, walimu wa vijijini kusini, linapita mkono kwa mkono mpaka linachanika. Fauset alishaanza kuliandikia tangu 1912, anasoma vitabu vipya na kuwaelezea wasomaji. Mwaka 1919, baada ya kumaliza shahada ya pili Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Du Bois akamwita New York awe mhariri wa fasihi. Ana miaka 37. Akaacha kazi ya uhakika akaenda.

Umeniuliza alifanya nini hasa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kazi ya mhariri haionekani, ukiifanya vizuri msomaji hajui kama ulikuwepo. Kwenye jarida la mwezi mtu kama Fauset anapokea bahasha kutoka kila pembe ya nchi, mashairi, hadithi, barua za watu wanaolia, nyingi hazifai, na ndani ya hizo nyingi kuna moja. Ile moja lazima aione. Alafu akishaiona lazima amwandikie mwenye nayo, amwambie kipi kizuri na kipi bado, amtie moyo asikate tamaa lakini asimdanganye, asubiri ya pili, asubiri ya tatu. Juu ya hapo Du Bois alikuwa mtu wa safari na mikutano, akiondoka jarida haliwezi kusubiri, kwahiyo Fauset ndo anabaki na ofisi, picha, wachapaji, tarehe, kila kitu. Na bado anaandika makala zake, anatafsiri mashairi ya weusi wa visiwa vya Karibi kutoka Kifaransa.

Sasa Hughes. Mwaka 1920 Du Bois, Fauset na meneja wao Augustus Dill walianzisha jarida la watoto, The Brownies' Book, na nataka nikwambie lilitoka wapi maana inauma. The Crisis kila mwezi lilikuwa linaripoti weusi walionyongwa na kuchomwa moto na magenge ya wazungu, ilikuwa kazi ya lazima, lakini jarida likifika nyumbani watoto nao wanalisoma. Msichana mmoja wa miaka 12 akamwandikia Du Bois kwamba anataka kujifunza historia ya watu wake, na kwamba anawachukia wazungu kama wao wanavyomchukia, pengine zaidi. Du Bois aliipata ile barua ikamtikisa. Watawaambiaje watoto ukweli bila kuwalisha chuki? Jibu lilikuwa jarida lao wenyewe, senti 15 kwa nakala, lenye hadithi za Afrika, michezo, wasifu wa watu weusi waliofanya makubwa, picha za watoto weusi waliovaa vizuri wanacheka, kitu ambacho mtoto mweusi wa Marekani wa 1920 hakukipata kwenye kitabu chochote. Fauset alikuwa mhariri wa fasihi mwaka wa kwanza na mhariri mtendaji mwaka wa pili, na ndo aliyekuwa anaandika ile safu ya Jaji anayeongea na watoto, anawasikiliza malalamiko yao kuhusu wazazi, kisha anawajibu. Toleo la kwanza aliliandikia utenzi mdogo wa kuwazawadia watoto waliopekua rafu zote za maktaba wakitafuta historia au wimbo au hadithi ya watu wao wasiipate. Lilitoka matoleo 24, Januari 1920 mpaka Desemba 1921, pesa zikaisha.

Basi ndani ya hilo jarida la watoto ndo kijana mmoja aliyekuwa anaishi na baba yake Mexico alileta vitu vyake. Toleo la Januari 1921 lina mashairi yake mawili mafupi ya watoto na makala kuhusu michezo ya watoto wa Mexico. Fauset akapenda, akamwandikia. Alafu siku moja ikaja bahasha nyingine, ndani yake shairi la mito, Frati, Kongo, Nile, Mississippi. Miaka mitano baadae Fauset mwenyewe alisimulia kwamba alilichukua lile shairi akampelekea Du Bois na kumuuliza, hivi kuna mtu gani mweusi hapa Marekani anaandika namna hii na sisi hatumjui? Mimi swali hilo nalipenda kuliko sifa yoyote. Angeweza kusema nimevumbua kipaji. Yeye alishtuka kama mtu aliyegundua ana ndugu aliyekuwa hajamfahamu. Shairi likatoka kwenye The Crisis la Juni 1921. Kijana alikuwa ametoka tu sekondari ya Cleveland.

Na haikuishia kulichapa. Hughes alipokuja New York mwaka huohuo kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, Fauset akamwalika chakula cha mchana Civic Club, na Hughes anasimulia aliogopa mpaka akaomba aje na mama yake, basi wakaja wote, na mama ndo aliyeongea sana. Kila nikifika hapo namwona Fauset pale mezani, mwanamke wa miaka 39 aliyesoma kuliko watu wengi wa mji ule, anamsikiliza mama Hughes kwa heshima zote huku kijana kanyamaza anaangalia sahani. Hiyo nayo ni kazi ya uhariri. Hakuna chuo wanafundisha.

Hughes hakuwa peke yake. Countee Cullen, Jean Toomer, Claude McKay, Arna Bontemps, Anne Spencer, Georgia Douglas Johnson, Gwendolyn Bennett, wote hao walipita kwenye kurasa za The Crisis enzi zake. Nella Larsen, ambaye baadae akawa mwandishi mkubwa wa riwaya, maandishi yake ya mwanzo yalitoka kwenye The Brownies' Book, michezo ya watoto wa Denmark. Nyumbani kwake Harlem, ule mtaa wa weusi wa New York, alipokuwa anaishi na dada yake, alikuwa anakaribisha waandishi jioni, wanasomeana mashairi, wanaongea Kifaransa, na wazungu wa kuja kutazama weusi kama wanyama wa porini hakuwataka pale, Hughes ameandika hivo pia. Kipindi kile ilikuwa fasheni wazungu wenye pesa kwenda Harlem usiku kushangaa. Kwake mlango ulikuwa umefungwa.

Kuna jambo moja la 1921 lazima nikuwekee kwa sababu linatugusa huku kwetu moja kwa moja. Mwaka ule Fauset alisafiri kwenda kwenye Kongamano la Pili la Umajumui wa Afrika, London, Brussels na Paris, Agosti na Septemba. London alizungumza kuhusu wanawake weusi wa Marekani na kazi zao. Brussels ndo palikuwa pagumu, Wabelgiji walikuwa wana wasiwasi wajumbe watasema nini kuhusu Kongo, na mwenyekiti, Blaise Diagne wa Senegal aliyekuwa mbunge Ufaransa, hakutaka wakoloni wasemwe vibaya. Fauset aliandika ripoti ndefu, ilitoka kwenye The Crisis la Novemba 1921, na kuna sehemu wanatembelea jumba la makumbusho la Kongo. Anaangalia zile mali zimepangwa, utajiri usio na mwisho, na anasema ndo kwanza katika maisha yake akaelewa Afrika ni nini kwa Ulaya, na kwa nini Wabelgiji wasingekubali kitu chochote kiwaondoe pale. Mwanamke aliyekuwa anahariri mashairi ya watoto, amesimama mbele ya makabati ya vioo Ubelgiji, ameona hesabu nzima ya ukoloni kwa mtazamo mmoja. Miaka michache baadae akafika Algiers pia akaandika makala. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako kwamba wale watu hawakuwa wanaimba Kongo kwenye mashairi kama pambo tu, wape hiyo ripoti.

Sasa watoto wake mwenyewe. Mwaka 1922 ilitoka riwaya ya mzungu mmoja kuhusu maisha ya weusi, wakaisoma yeye, Nella Larsen na Walter White wa NAACP, na wote watatu wakafikia wazo lilelile, kwamba kama huyu anaweza kuandika kuhusu sisi bila kutujua basi sisi wenyewe tuandike. Na wote watatu wakaandika. Ya Fauset ilikuwa There Is Confusion, 1924, kuhusu weusi wa tabaka la kati, msichana anayetaka kuwa mcheza dansi, kijana anayetaka kuwa daktari wa upasuaji, familia, ndoa, majivuno. Mchapishaji mmoja aliikataa kwa hoja kwamba wasomaji wazungu hawategemei kuona weusi wa namna hii. Yaani weusi wanaokula kwenye meza na kusoma vitabu hawaaminiki, lete wale wa kwenye vilabu vya usiku na mashamba ya pamba, hao wananunulika.

Ilipotoka, Charles Johnson akaandaa chakula cha jioni Civic Club, tarehe 21 Machi 1924, wazo la mwanzo lilikuwa kumpongeza Fauset kwa kitabu. Watu zaidi ya mia walikuja, wahariri na wachapishaji wakubwa wa kizungu wamo. Mshereheshaji akawekwa Alain Locke. Hotuba zikaanza, wakazungumza wanaume mmoja baada ya mwingine kuhusu vijana wapya na fasihi mpya, na mwenye sherehe akapewa nafasi mwishoni mwishoni kusema asante. Kutokana na jioni ile mhariri wa jarida la Survey Graphic akaahidi toleo zima la Harlem, likatoka Machi 1925 chini ya Locke, mwisho wa mwaka likawa kitabu, The New Negro, ambacho ndo kila mtu anakitaja leo kama mwanzo wa yote. Fauset humo ana insha moja, kuhusu waigizaji weusi na kicheko chao. Miaka 9 baadae, 1933, alimwandikia Locke barua akamwambia wazi kwamba ile jioni ilikuwa yake na Locke akaigeuza. Mimi simlaumu kwa kuitunza hiyo hasira miaka yote hiyo. Mtu kakuandalia harusi alafu unakuta bwana harusi ni mwingine.

Ya pili ndo ile niliyokuahidi, Plum Bun. Angela Murray amezaliwa mtaa wa Opal, Philadelphia, nyumba ndogo. Yeye na mama yake ni weupe kiasi kwamba mtu asiyewajua anadhani ni wazungu, baba na mdogo wake Virginia ni weusi. Jumamosi mama anamchukua Angela wanakwenda kwenye maduka makubwa na mahoteli ambayo weusi hawaingii, kwa mama ni starehe ndogo tu ya mwisho wa wiki. Siku moja wamesimama mbele ya hoteli, wanawaona baba na Virginia wanapita kwenye lile kundi la watu, na wanawaacha wapite. Mama anajuta. Lakini mtoto kashajifunza. Wazazi wakishafariki Angela anahamia New York, anabadilisha jina, anaishi kama mzungu, anampata mwanaume tajiri wa kizungu anayechukia weusi. Virginia anakuja New York kwa treni, Angela kaenda kumpokea stesheni, na yule mwanaume anatokea bila kutarajiwa, wakati huohuo Virginia anamjia dada yake na utani wao wa utotoni, samahani mama, wewe siyo bibi fulani? Na Angela anamjibu kwamba hapana, umenifananisha. Anaondoka na mwanaume, mdogo wake kabaki na masanduku. Angalia alivyoshona, ile Jumamosi ya hoteli imerudi stesheni, imekua, imekuwa kitu cha kutisha, na mwandishi hajasema neno moja la kukuelekeza ulie wapi. Kitabu chote kakigawa kwa kufuata kiwimbo cha kitoto cha Kiingereza cha kwenda sokoni kununua andazi na kurudi nyumbani, Nyumbani, Sokoni, Andazi, Nyumbani Tena, Soko Limekwisha, na chini ya jina kaandika kwamba ni riwaya isiyo na funzo. Watu wakamwona mwandishi wa hadithi za mapenzi. Mwanamke anajiuza sokoni kwa bei ya ngozi yake, hiyo ndo hadithi ya mapenzi?

Zilizofuata ni The Chinaberry Tree, 1931, na Comedy: American Style, 1933, hiyo ya mwisho ni kali, mama anayeabudu weupe mpaka anamwangamiza mwanae kwa sababu katoka na rangi. Sitazieleza zaidi, ukimaliza Plum Bun utazitafuta mwenyewe.

Sasa nije kwenye kusahaulika, maana hapo swali lako lina uzito wake. Mwaka 1926 aliondoka The Crisis, uhusiano wake na Du Bois ulikuwa umechoka. Kabla ya kuondoka alimwandikia Joel Spingarn wa NAACP amsaidie kutafuta kazi, anataka kuwa msomaji wa miswada kwenye kampuni ya uchapishaji, yaani ile kazi aliyokuwa anaijua kuliko karibu kila mtu New York, na akaongeza kwamba kama rangi italeta shida anaweza kufanyia kazi nyumbani. Hebu isome tena hiyo mwalimu. Mtu aliyemwona Hughes kabla ya dunia nzima anaomba kazi ya kusoma miswada na anajitolea asionekane. Na hakuna aliyemchukua. Mwaka 1927 akarudi darasani, sekondari ya wavulana ya DeWitt Clinton pale New York, anafundisha Kifaransa, mpaka 1944. Riwaya tatu za mwisho zote zilitoka akiwa mwalimu, zimeandikwa jioni na likizo. James Baldwin alimaliza shule hiyohiyo 1942 wakati yeye bado anafundisha pale. Mwaka 1929 aliolewa na Herbert Harris, mtu wa bima, baadae wakaishi Montclair, New Jersey.

Alafu wakaja wakosoaji. Claude McKay alimwelezea kama ua nadhifu na dogo, na riwaya zake hivohivo, nadhifu kupita kiasi. Mwaka 1958 Robert Bone akamweka kwenye kundi la waliobaki nyuma ya msafara. Hoja ilikuwa kwamba ameandika kuhusu weusi wenye nyumba nzuri, hana hasira, hana mtaa. Mimi nadhani walisoma mapazia wakaacha kuangalia nani amelia nyuma yake. Nakubali kwamba kuna sehemu sentensi zake zina adabu nyingi mno, mazungumzo mengine yamekauka, na mwisho wa riwaya kila mtu anapata wa kumuoa kirahisi. Na yeye mwenyewe alikuwa na woga wake, aliposhauriwa atafsiri Batouala, ile riwaya ya René Maran iliyoshinda Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, 1921, alikataa kwa sababu alijua akiweka jina lake pale hataonekana tena mwanamke wa heshima. Mwanaume angetafsiri akapongezwa. Lakini kumwita wa nyuma ya msafara mtu aliyeandika ile stesheni, hapana, siwezi kukubali. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti, wengi wao wanawake, walianza kumsoma upya, riwaya zikachapwa tena, na sa hivi anafundishwa vyuoni. Huku kwetu bado.

Alifariki Philadelphia tarehe 30 Aprili 1961, siku tatu baada ya kutimiza miaka 79. Mwaka uliofuata, Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, na kati ya wageni alikuwepo Langston Hughes. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, na mwanafunzi mmoja wa palepale Makerere aliyeitwa James Ngugi, ndo Ngũgĩ wa Thiong'o wa baadae, alikuwa na mswada wa riwaya akamwonyesha Achebe. Hughes kipindi hicho naye alishakuwa mtu wa kukusanya na kuchapa maandishi ya vijana wa Afrika, anawaandikia barua, anawatia moyo, ileile kazi aliyofanyiwa yeye.

Kwa darasa lako mimi ningeanza hivi. Matoleo yote ya The Brownies' Book yamewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge la Marekani, bure kabisa. Fungua la Januari 1921, waonyeshe vijana yale mashairi mawili ya kitoto na ile michezo ya Mexico, waone Hughes alivyoanza, vitu vidogo, vya kawaida, ambavyo mhariri mwingine angevirudisha kwenye bahasha. Alafu ndo uwasomee la mito tena. There Is Confusion na Plum Bun nazo hakimiliki yake Marekani imekwisha, zinapakuliwa bila kulipa. Ukikwama kwenye Kiingereza chake sura yoyote ya Plum Bun niandikie tu, tutaisoma pamoja.